Panya wa Nyasi Asibebeshwe Kesi ya Jaani

Muuza dawa hukatiza mitaa ya Makupa, Mombasa, na kipaza sauti chake akinadi: dawa ya panya, ya mende, ya kunguni. Biashara yake haina ubaya, na mtu aliyetobolewa gunia la unga ana haki ya kununua. Kinachoudhi ni kauli inayozuka kila panya anapotajwa: kwamba panya ni panya, wa chumbani na wa porini mamoja, kwa hiyo nyasi zichomwe, kila shimo litiwe sumu, na mji utapumua. Hata waliosoma huikariri kauli hiyo kwa kujiamini. Ni ya uongo tangu mwanzo hadi mwisho, na anayeilipia ni mnyama asiyekuwamo katika kesi.

Panya wanaotuhangaisha kisiwani ni wageni. Panya mweusi wa kwenye mapaa asili yake ni Bara Hindi. Alivuka bahari akiwa amejificha ndani ya shehena za majahazi. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa ikifanya biashara na ng'ambo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Yule mnene wa mitaroni naye ni wa Asia, na meli ndizo zilizomsambaza duniani. Wote wawili wanatutegemea sisi: maghala yetu, dari zetu, makombo yetu. Tauni, ugonjwa unaobebwa na panya, ilipoingia Nairobi 1902 hadi soko la Wahindi likachomwa moto, hapo palikuwa mahali pa msongamano na taka, si katikati ya mbuga.

Sasa mtazame panya milia wa nyasi, ambaye wengi wanaomhukumu hawajapata hata kumwona. Ni kijinyama kidogo chenye mistari mgongoni. Hutembea mchana, wakati panya wa dari amelala. Hutengeneza vijia vyembamba chini ya nyasi ndefu, akikata mabua yanayomzuia, na hupita humo humo kila siku. Kiota chake ni tufe la nyasi alizozisuka mwenyewe. Chakula chake ni majani, mbegu na wadudu. Huzaa sana mvua zinapoleta malisho, na wengi wao hawamalizi mwaka, kwa sababu kipanga, nyoka na mondo wote humtazamia yeye. Akikamatwa mkiani, ngozi ya mkia huchomoka naye akakimbia. Mnyama wa namna hii atafuata nini jikoni kwako? Moto ukipita nyasini, yeye ndiye anayeungua pamoja na vitoto vyake, na panya wa dari hapati hata joto lake.

Ajabu ni kwamba watu wa Mombasa wanaijua tofauti hii vizuri anapohusika kunguru. Kila mtu anamtambua yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, mgeni kutoka Bara Hindi aliyeonekana hapa 1947, na hakuna anayemchanganya na kunguru wetu wa kifua cheupe. Kwa nini akili hiyo itutoke tunapofika kwa panya?

Watajibu kwamba panya wa porini humaliza mahindi. Huyo ni panya shamba, jamii nyingine kabisa, na ndiye hasa mwenye kesi ya kujibu. Jike lake linaweza kuwa na chuchu 24 na huzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo. Lakini hata kwake sumu ya pupa haifai kitu. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, umeonyesha kwamba milipuko yake hufuata mvua: mvua nyingi za mwisho wa mwaka hutangulia wingi wake mwaka unaofuata. Mkulima anayeangalia mvua hujiandaa mapema. Anayengoja hadi mbegu zifukuliwe, sumu yake hukuta shamba limeshaliwa. Wengine husema bora panya waishe ili bundi naye atoweke, eti ni ndege wa mkosi. Hoja hii ni aibu. Bundi hukamata panya usiku kucha bila kumtoza mtu senti, na sumu tunayomwaga humfikia yeye kupitia panya aliyekwisha kuila. Tunamuua msaidizi wetu kisha tunanunua paketi nyingine.

Wapo pia wanaouliza panya wa porini ana faida gani, kana kwamba kila kiumbe kinahitaji ruhusa yetu ya kuishi. Kwa wanaotaka faida tu, wamsome panya wa miiba wa Laikipia: mwaka 2012 wanasayansi walieleza jinsi anavyoachia kipande kikubwa cha ngozi akishikwa, kisha akaiotesha upya pamoja na manyoya yake. Binadamu hawezi hilo.

Kwa hiyo pesa za sumu ziende zinakohitajika. Mapipa ya taka yawe na vifuniko na yazolewe kila siku, mitaro izibuliwe, magunia yainuliwe juu ya sakafu, matundu ya dari yazibwe. Kaunti ilifunga jaa la Kibarani na kupanda miti. Ilikuwa kazi ya maana, na haiwi kamili taka zikihamia pembeni mwa barabara za Makupa. Panya mweusi atapungua siku atakapokosa makombo, na siku hiyo hakuna unyasi mmoja utakaohitaji kuchomwa.