Breki za Nyuma Zikaguliwe

Barabara kuu iendayo Zambia inaikata Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na tembo na twiga huivuka watakapo. Hapo breki hazina mchezo.

Pikapu nyingi zina vali ipimayo mzigo kwa kimo cha bodi juu ya ekseli, ikapunguza nguvu ya breki za nyuma gari liwapo tupu. Mwenye gari wa Kilosa akiongeza springi ili abebe magunia ya mahindi, vali hudanganyika: gari limejaa, yenyewe yadhani ni tupu. Wengine huiondoa kabisa, jambo baya zaidi. Siku ya mvua, gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma hukwama kwanza, likageuka mkia mbele.

Twawataka mafundi wairekebishe vali kila springi ziongezwapo, na askari wa usalama barabarani wainame chini ya gari, wasiishie kwenye taa.