Mwizi wa Siku Hizi Havunji Kufuli



Najua mtauliza, mambo ya Singida yatuhusu nini sisi watu wa karafuu? Yatuhusu. Wengi wetu, vuno likipita, twaishi kwa kaduka: unga, sukari, sabuni, na siku hizi laini ya kutolea fedha kwa simu. Na wizi uliowapata wenzetu wa bara hauhitaji kupanda boti ili utufikie.

Binti wa kaka yangu ameolewa Singida mjini. Ana duka kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, huuza mafuta ya alizeti kwa madumu, na papo hapo ni wakala wa fedha za simu. Kule alizeti ndiyo karafuu yao: ikivunwa, fedha huzunguka, na penye fedha hapakosi wageni. Duka lake lina nondo madirishani, kufuli mbili na mlinzi wa usiku. Mwaka jana wakati wa mavuno aliibiwa saa kumi na moja jioni, mlango u wazi, na yeye mwenyewe akisaidia kupakia.

Alikuja bwana mmoja mpole, nguo safi, akataka madumu 10 ya lita 20. Akasema fedha atatuma kwa simu. Mara ujumbe ukaingia: umepokea kiasi kadha wa kadha, maneno yote kama ya kampuni. Dereva akapiga honi, bwana akasema gari litamwacha. Madumu yakaenda. Usiku alipofunga hesabu, salio lilikuwa lile lile la mchana. Ujumbe ule uliandikwa na mtu tu, ukatumwa kwa namba ya kawaida.

Barazani nimesikia watu wakisema, "Hiyo ni tamaa." Si kweli. Yeye aliuza kwa bei ya kila siku. Aliniambia, "Ami, niliona haya kutazama salio mbele yake, kama kwamba namwita mwizi." Hapo ndipo penye kidonda. Sisi tumelelewa kwamba kumhakiki mgeni mbele ya macho yake ni utovu wa adabu, na tapeli alijua hilo vizuri kuliko sisi. Nyundo ya nini, naye ana heshima na haraka? Mbona karafuu zetu hupimwa kwenye mizani mbele yetu na hatununi? (Au tuseme, tukinuna huwa kwa bei, si kwa kupimwa.)

Lakini kosa kubwa lilikuja baadaye. Alishikwa na aibu, akanyamaza wiki mbili, hata mumewe asimwambie. Katika wiki hizo bwana yule yule aliingia duka la tatu kutoka hapo, akapakia vitunguu vya mama mjane. Lau angalisema siku ile, magunia yale yangalibaki. Hili ndilo linalomuuma mpaka leo kuliko mafuta yake. Sasa wenye maduka wa safu ile wamepatana: akitokea mtu wa namna hiyo, habari zipite duka hata duka kabla ya jua kuchwa, na mzigo haupandi gari mpaka salio litazamwe kwenye laini yenyewe, si kwa kusoma ujumbe.

Kwa mwenye uwakala yako mengine. Hupigiwa simu na mtu ajiitaye wa makao makuu, akimhimiza abonyeze tarakimu fulani ili laini isifungwe. Huyo akatiwe simu pale pale. Mteja asipewe simu yako mkononi, hata akidai anataka kuandika namba mwenyewe. Kijana wa dukani akiijua namba ya siri, siku aachapo kazi ibadilishwe siku hiyo hiyo. Fedha taslimu zisingoje giza. Na kila muamala uandikwe. Mali bila daftari, wazee walisema, huisha bila habari.

Wako watakaosema hiyo ni kazi ya Serikali. Serikali haikukaa bure: usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, na ujumbe wa tapeli hupelekwa kwa namba 15040. Lakini laini ya tapeli yaweza kuwa imeandikwa kwa jina la mtu asiye na habari, na mtu huyo aweza kuwa wewe. Kwa hiyo natoa rai kwamba katika mkutano ujao wa tawi, kabla ya mazungumzo ya miche, kila mwanachama aje na simu yake, apige *106#, aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Mimi nilipiga kule kule Singida, binti akinionyesha. Nilikuta mbili nisizozijua. Nimekwisha kuzifungisha.