Hicho Kisiwa Kina Jina, Kinaitwa Mbudya

Mastaa wetu wa mjini, leo tuelewane. Kile kisiwa mnachokwenda kupigia picha kina jina. Kinaitwa Mbudya. Kingine kinaitwa Bongoyo. Kule upande wa Kigamboni kuna Sinda. Siyo "paradiso ya siri", siyo "mahali fulani duniani", na kwa hakika kabisa siyo Ugiriki.

Sitaji mtu jina, wenyewe mnajijua na wadau wanawajua. Ila mchezo umezidi. Mtu anatoka kwake Sinza na begi lenye nguo sita, anapanda boti Kunduchi, dakika kama ishirini yuko kisiwani, anabadilisha nguo zote sita kabla ya saa nane mchana, jioni yuko nyumbani anakula chipsi mayai. Wiki nzima inayofuata ni picha moja kila siku, na sehemu ya lokesheni ama iko tupu ama kuna kidunia na kindege. Ukiuliza "dada, ni wapi hapo?" unajibiwa kwa emoji ya kucheka. Ukikomaa unapigwa bloku.

Wa juzi ndiyo katumaliza. Gauni jeupe, kitambaa cha bluu kichwani, miwani ya jua, halafu chini kaandika neno moja tu: Santorini. Dada yangu, Santorini ni kisiwa cha volkano. Nyumba zake nyeupe zimekaa juu ya majabali, na fukwe zake zinazojulikana ni za mchanga mweusi na mwekundu, siyo huo mweupe uliokanyaga wewe. Halafu nyuma yako kuna mvinje, na chini ya mvinje kuna jamaa kabeba ndoo ya samaki kavaa jezi ya Yanga. Huyo ulisahau kumkata.

Kinachochekesha zaidi, Wagiriki wenyewe hawaishi hivyo. Mtu wa Athens akitaka kupumzika Jumapili moja haendi Santorini, ni mbali, hata kwa meli ya kasi ni kama saa tano baharini. Anashuka bandari ya Piraeus, anapanda boti ya kwenda Aegina, ndani ya saa moja kashafika. Anakula samaki, anaoga bahari, ananunua pistachio zinazolimwa hapo hapo kisiwani, jioni anarudi kulala kwake. Akitaka kusogea mbele kidogo anakwenda Hydra, kisiwa kisichoruhusu magari, mizigo inabebwa na punda kama Lamu tu. Na wala haoni aibu kusema alikuwa Aegina. Aegina ndiyo Mbudya yake. Sasa wewe mwenye Mbudya halisi unamwiga nani?

Najua mtakachosema. Picha ni yake, bando ni lake, mwili ni wake, wewe inakuuma nini? Inaniuma, tena sana, na nitasema kwa nini.

Nina mdogo wangu pale Magomeni Mikumi, anauza nguo Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Ndiye aliyenionesha ile picha. Gauni alilitambua papo hapo, maana dukani kwao yametundikwa mlangoni. Bahari hakuitambua. Akaniuliza, bila utani, eti viza ya huko inachukua muda gani kutoka. Binti ana miaka 22, kazaliwa Dar, kakulia Dar, na kutoka kwao mpaka Kunduchi haifiki kilomita 25. Bahari anayoijua yeye ni Coco Beach siku ya Idi, tena anaingia mpaka magotini basi, simu mkononi.

Hapo ndipo ilipo kesi yangu. Mtoto wa uswazi anakua akiamini maji ya rangi ile ni ya watu wengine. Kisiwa ni cha wazungu, cha watu wa ushuani, cha mastaa. Yeye akisikia neno kisiwa anawaza Zanzibar, anapiga hesabu ya boti, anapiga hesabu ya hoteli, anakata tamaa, anarudi kuangalia picha zenu. Na nyinyi mnajua kabisa ukweli, mmesimama juu ya mchanga wenyewe, mnanyamaza, kwa sababu akijua ni karibu hivyo hatawaona wa maana tena. Kujimwambafai kwenu kunategemea yeye asijue njia.

Basi njia ni hii. Unapanda mwendokasi Magomeni unashuka Morocco, unachukua daladala za Tegeta, unashuka Africana au Mtongani, halafu bajaji mpaka ufukweni Kunduchi. Boti wanahesabu kwa kichwa, kwenda na kurudi, na mkiwa kundi mnaongea bei. Kuna kiingilio cha hifadhi, ila raia analipa kwa shilingi, tena kidogo ukilinganisha na dola anazotoa mgeni. Kisiwani kuna mabanda ya makuti ya kukodi (mtu wa Magomeni Makuti kulipia kivuli cha makuti, najua, inachoma, lakini lipa tu), kuna samaki wa kukaanga, kuna ngisi, kuna chipsi. Wa Bongoyo boti zao ziko Slipway, Msasani, ni kama nusu saa. Ubalozi wowote hauhusiki.

Na kwa sababu hakuna anayetaja, wajanja wamejaza pengo. Mnayaona matangazo: kisiwa cha siri, nafasi ishirini tu, lokesheni utatumiwa ukishalipa. Hela yenyewe ukiichambua unakuta mtu angekwenda Mbudya mara tatu na kila mara akala samaki mzima. Kuna wadada wanaingia kwenye mikopo ya kausha damu ili wakapige picha sehemu ambayo kibubu cha miezi miwili kingewafikisha, na wakishafika wanaficha jina na wao, ili hela isionekane imeliwa. Yaani uongo unarithishana. Huku yule kijana wa boti na yule mama wa jiko la samaki mmewafanya mandhari. Umepiga picha na ngisi wake, umesahau kusema anapatikana wapi. Ungetaja mara moja tu, kwa wafuasi ulionao, Jumapili yake ingekuwa nyingine kabisa.

Mwaka 2021 Rais mzima aliingia mbele ya kamera kwenye filamu ya The Royal Tour kuinadi nchi hii kwa dunia. Nyie mnainadi Ugiriki bure, mkiwa Kunduchi.

Kuna mmoja, na huyu nampa heshima yake kidogo, aliwahi kujibu kwamba hataji sehemu ili "watu wasije wakapaharibu". Watu gani hao? Maana wewe na kundi lako la watu kumi na wawili, mpiga picha, msusi na mbeba taa, nanyi si watu? Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini zilitengwa kisheria tangu 1975, kuvua pale ni marufuku. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi baruti za wavuvi haramu zililia kwenye bahari hii hii ya Dar, matumbawe yakasagika. Waliofanya vile hawakuelekezwa na lokesheni ya Instagram. Tena mgeni anayelipa kiingilio ndiye anayechangia hifadhi ijiendeshe. Na kama kweli hofu yako ni taka, tuanze na zile baluni za birthday zilizopasukia majini. Zile nazo ni za watoto wa Magomeni?

Halafu kuna jambo ambalo silicheki hata kidogo. Zile video za kwenye boti. Boti iko katikati ya maji, mziki juu, watu wamesimama wanacheza, na majaketi ya kuokolea maisha yamerundikwa chini kwa sababu yanaharibu pozi. Nchi hii imezika watu wa MV Bukoba 1996, wa Spice Islander 2011, wa Skagit 2012, wa MV Nyerere 2018. Kuna familia zinajua maji ni nini. Sasa binti asiyejua kuogelea, yule wa kuingia mpaka magotini, anakutazama wewe na kujifunza kwamba jaketi ni ushamba. Siku akipanda boti yake ya kwanza atalikataa ili afanane na wewe. Na upepo wa kusi ukishika mchana, ile dakika ishirini ya asubuhi siyo ile ya kurudi, waulizeni wenye boti. Vaa jaketi. Rangi ya chungwa na bluu ya bahari mbona zinapatana, au mbunifu wako hajakwambia?

Mdogo wangu tumeshampangia, Jumapili ya mwisho wa mwezi, yeye na wenzake watatu wa dukani. Wamekubaliana kila mtu abebe maji yake na hakuna kubadilisha nguo zaidi ya mara moja. Picha watapiga, kwa nini wasipige? Na wataandika Mbudya, Dar es Salaam, herufi kubwa.

Na wewe wa gauni jeupe, post yako bado ipo, nimeichungulia asubuhi hii. Bonyeza vile vidoti vitatu pale juu, chagua kuhariri, futa Santorini, andika Mbudya. Haichukui hata dakika, na yule jamaa wa jezi ya Yanga mtag na yeye.