Kutengana si Talaka

Dada mmoja wa mashamba ya chai ya Kericho atuuliza: amerudi kwa wazazi wake Bomet baada ya ugomvi, je, ameachika? La. Maadamu mume hajatoa talaka, wala kadhi hajaivunja ndoa, yeye ni mke: eda haijaanza, wangali wakirithiana, wala haolewi na mwingine. Wakitengana kwa kuridhiana, masurufu yangali juu ya mume.

Suratun-Nisaa, aya ya 35, yaamrisha wasuluhishi wawili, mmoja wa kila upande; aya ya 129 yaonya mke asiachwe kama aliyetundikwa. Basi waandikiane muda na masharti mbele ya mashahidi. Muda ukipita pasi na suluhu, waende kwa kadhi, aliyepewa mamlaka hayo na Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Wallahu aalam.