Tiketi ya Nusu Bei Kuna Anayeilipia

Tangazo hufanana karibu kila mara. Picha ya ndege ikipaa, bendera ya Kanada au ya Marekani, nauli ya kwenda na kurudi ambayo ni nusu ya ile iliyoko kwenye tovuti ya shirika lenyewe, kisha maneno ya kukimbiza mtu: nafasi zimebaki nne, mwisho leo saa sita usiku, tanguliza nusu, nyingine utamalizia tiketi ikitoka. Linaingia kwenye kundi la ukoo, kundi la waliosoma pamoja, kundi la Watanzania wa Houston au Wakenya wa Muscat. Anayelileta si tapeli. Ni shangazi, au ni binamu ambaye rafiki yake "alisafiri nao juzi tu".

Usilisambaze. Na kama ulikuwa umeshafungua simu utume pesa, ngoja kwanza.

Msimu mkubwa wa matapeli hawa unajulikana. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka wiki ya kwanza ya Januari, na tena Juni hadi Agosti shule za Ulaya na Marekani zinapofungwa, kila aliye mbali anataka kufika nyumbani, na nauli hupanda kwa pamoja kama zimeambizana. Zinapanda kwa sababu za kweli. Mafuta ya ndege hula kati ya robo na theluthi ya gharama za shirika. Boeing na Airbus wamechelewa kukabidhi ndege zilizoagizwa, kwa hiyo viti havitoshi. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, anga la nchi ile lilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege nyingi zinazotoka Ulaya kuja Nairobi au Dar es Salaam zikalazimika kuzunguka, zikiunguza mafuta zaidi. Baba mwenye mke na watoto watatu kule Leicester akijumlisha nauli ya watu watano mpaka Dar, anaanza kujiuliza kama si heri pesa hiyo anunue kiwanja Kigamboni. Mtu huyo, aliyekwisha kukatishwa tamaa na bei halali, ndiye anayewindwa.

Sasa tupige hesabu. Wakala hatengenezi nauli. Anaipata kwa shirika, kupitia mitambo ileile wanayotumia mawakala wenzake, na mashirika mengi yameshafuta au kupunguza kamisheni, hivyo anaishi kwa ada ndogo anayoiweka juu ya bei. Anaweza kukupunguzia kiasi, maana zipo nauli za makundi, za wanafunzi, na mikataba ambayo wewe huioni mtandaoni. Lakini tuseme mashirika matatu yanauza safari moja kwa dola 1,500, na yeye anakupa kwa 750. Zile 750 nyingine kuna anayezilipa. Ni nani?

Mara nyingi hakuna, kwa sababu tiketi haipo. Wakala yeyote anaweza kukuwekea nafasi kwenye ndege bila kulipa senti, na shirika likamshikilia kwa saa kadhaa au siku chache. Ukipita muda huo bila malipo, nafasi inafutwa yenyewe. Ndiyo karatasi wanayopewa watu wanaoomba viza, kwa kuwa balozi nyingi hutaka kuona mpango wa safari kabla ya tiketi kukatwa. Hakuna kosa hapo. Kosa ni kumuuzia mtu karatasi ileile kama tiketi. Ina jina lako, ina tarehe, ina namba ya nafasi ya herufi na tarakimu sita, na ukiiingiza kwenye tovuti ya shirika unaliona jina lako limekaa pale. Karatasi inasema nafasi imethibitishwa, na ni kweli imethibitishwa. Haijalipiwa, basi. Siku mbili baadaye haipo, na wewe utalijua hilo kwenye kaunta, mabegi mawili ya kilo 23 yakiwa miguuni.

Tangu tarehe 1 Juni 2008, IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kiliachana na tiketi za karatasi. Tiketi yako leo ni rekodi iliyoko kwenye kompyuta ya shirika, na rekodi hiyo ina namba ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar Airways, 235 ni Turkish, 074 ni KLM. Ile karatasi iliyopambwa nembo hata kijana wa stesheneri anaweza kukuchapia. Kwa hiyo wakala akikutumia kitu, tafuta tarakimu 13. Usipoziona, hujauziwa tiketi. (Baadhi ya mashirika ya bei nafuu hayatumii namba hizo, kwa hayo, yapigie simu uulize kama nafasi imelipiwa yote.)

Hata namba ikiwepo, usilale. Wakala akikata tiketi asubuhi anaweza kuifuta kabla ya siku hiyo kwisha bila kutozwa kitu. Anakutumia namba saa nne, unaikagua, unafurahi, unamalizia ile nusu ya pesa, na jioni anaifuta. Wengine husubiri siku chache wakaomba kurudishiwa nauli, nayo hurudi kwao, si kwako. Kwa sababu hiyo kagua siku ya kukatiwa, kagua kesho yake, kagua tena wiki moja kabla ya safari, kwenye tovuti au programu ya shirika lenyewe, si kwenye kiungo alichokutumia muuzaji. Akikwambia namba yake haifungukii huko kwa kuwa ni ya mtambo wa mawakala, huenda anasema kweli, maana namba hizo mbili hutofautiana. Mwambie akupe ya shirika. Wakala wa kweli hukupa papo hapo.

Aina ya pili ya utapeli inatisha zaidi, kwa kuwa tiketi yenyewe ni halali kabisa na pengine utapanda ndege. Imelipiwa kwa kadi ya benki iliyoibwa, au kwa pointi za safari zilizochotwa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Mwenye kadi anaona makato, analalamika, benki inairudisha pesa, na shirika linaifuta tiketi. Likiifuta kabla hujaondoka, umekosa safari. Likiifuta ukiwa tayari uko Mombasa na kipande cha kurudi bado, umekwama, na nauli ya kwenda upande mmoja ikinunuliwa dakika za mwisho mara nyingi huzidi ile ya kwenda na kurudi. Europol, pamoja na polisi wa nchi nyingi, mashirika ya ndege na kampuni za kadi, imekuwa ikiendesha operesheni za siku maalumu viwanjani kuwasaka wanaosafiri kwa tiketi za namna hii. Anayesimamishwa mlangoni na kuhojiwa ni abiria. Muuzaji yuko nyuma ya namba ya simu ambayo jioni hiyo haipatikani tena.

Aina ya tatu ndiyo inayoangusha koo nzima, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Huyu ana ofisi. Ana meza, ana kalenda ya shirika ukutani, pengine ana leseni. Alianza vizuri. Kisha akagundua kwamba akiuza chini ya bei aliyonunulia, watu wanajaa, na pesa za wanaosafiri Desemba zinaweza kulipia tiketi za wanaosafiri Oktoba. Wa Oktoba wanafika salama, wanapiga picha, wanamsifu kwenye makundi. Sifa zao ni za kweli, ndiyo maana zinaua. Wanaleta wengine, na wote wanaambiwa jambo moja: lipa sasa, tiketi itakatwa mwezi mmoja kabla ya safari. Ukishasikia maneno hayo, ondoka. Nauli haiwekwi akiba kwa shirika la ndege. Shirika likilipwa, tiketi hutoka wakati huohuo. Wakala anayekaa na pesa yako miezi mitatu anaitumia, na tundu likishakuwa kubwa, ofisi inafungwa Novemba. Basi shangazi anayesema "mimi nilisafiri nao" hajakudanganya hata kidogo, ila safari yake haithibitishi lolote kuhusu yako.

Katikati ya utapeli na biashara halali kuna mitego mingine, ambayo hata muuzaji asiye na nia mbaya anaweza kukutumbukiza. Zipo nauli za mabaharia: nafuu kweli, mizigo mingi, tarehe zinabadilishika. Zimewekwa kwa ajili ya watu wanaokwenda au kutoka melini, na kaunta inaweza kukudai kitabu cha ubaharia. Kama kazi yako ni uuguzi Toronto, utaonyesha nini?

Zipo pia safari zilizoungwa kwa tiketi mbili tofauti ili jumla ipungue. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikujui. Kwake wewe ni abiria ambaye hakutokea. Mara nyingi utalazimika kutoka, kuchukua mabegi na kujisajili upya, na kutoka kunataka viza. Marekani haina utaratibu wa kupita ndani ya uwanja tu: hata ukiwa unaunganisha kwenda nchi nyingine, unaingia nchini kwanza. Uingereza huwataka Wakenya, Watanzania na Waganda kuwa na viza ya kupitia, isipokuwa wale wenye misamaha, kwa mfano kwa sababu ya viza au ukaazi wa nchi fulani. Mwenye pasipoti ya Kongo ya Kinshasa huhitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen hata asipokanyaga nje. Msamaha unategemea ulichonacho mkononi, kwa hiyo soma masharti kwenye tovuti ya serikali husika kabla ya kulipa. Na ukinunua tiketi inayoanzia Nairobi kwa sababu ni rahisi, ilhali wewe uko Arusha, ujue kwamba ukikosa kipande cha kwanza vyote vilivyobaki hufutwa.

Unafuu wa kweli upo, ila haupigiwi ngoma. Uko kwenye tarehe: Februari, Machi, Mei, au kuondoka mapema Desemba kabla ya wingi. Uko kwenye kukubali saa sita za kusubiri Addis Ababa au Istanbul badala ya ndege ya moja kwa moja, mradi ziwe kwenye tiketi moja. Uko kwenye kulinganisha Dar, Zanzibar, Kilimanjaro na Nairobi kwa siku ileile, na kuhesabu begi ndani ya bei, kwa kuwa nauli iliyoonekana ndogo huweza kuwa haina begi hata moja. Kwa safari zinazogusa Marekani, ukinunua kwa shirika lenyewe siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, shirika linatakiwa likupe saa 24 za kughairi na kurudishiwa pesa yote au kukushikilia bei bila malipo. Nunua ukiipata nzuri, kisha endelea kutafuta ndani ya saa hizo. Nashangaa ni wachache wanaoitumia haki hiyo.

Jinsi ya kulipa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kadi ya mkopo inaweza kupingwa benki. Uingereza, sheria ya mikopo ya wateja ya 1974 inaifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, na wakala anayekuuzia kifurushi cha ndege na hoteli anapaswa kukupa cheti cha ATOL. Pesa iliyokwenda kwa simu, kwenye jina la mtu badala ya jina la kampuni, ni vigumu sana kuirudisha. Safaricom inakuruhusu kutuma ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba urejeshwe, lakini tapeli hutoa pesa ndani ya dakika chache. Watanzania waliozoea zile jumbe za "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanazicheka siku hizi, halafu wanatuma milioni tatu kwa namba iliyoko kwenye tangazo la ndege. Namba za jumbe za kitapeli, kwa walio Tanzania, zitume 15040.

Kuna na hawa wanaongoja kilio. Ukilalamika hadharani mtandaoni kwamba shirika fulani limekuchelewesha, akaunti yenye nembo ya shirika hilo itakujibu haraka kuliko shirika lenyewe, ikikuomba namba ya simu ili "urejeshewe fedha". Usiipe. Chukua namba ya simu kutoka kwenye tovuti ya shirika, na uiandike anwani ya tovuti hiyo mwenyewe.

Kwa msimamizi wa kundi: matangazo haya yafute bila kuogopa kumuudhi aliyeyaleta. Kwa wewe uliyekwisha kulipa na huna tarakimu 13 mkononi: usimpigie wakala kwanza, kwa sababu atakutuliza, na kutulizwa ndiko kunakokula siku zako. Lipigie shirika uulize kama tiketi imekatwa. Jibu likiwa hapana, piga simu benki au kampuni ya simu uliyotumia kulipa, kisha nenda polisi na risiti, namba za simu na mazungumzo yote kabla hayajafutwa. Fanya hivyo leo, wala usingoje Ijumaa aliyokuahidi.