Bibi harusi, acha mti mmoja uwanjani



Huku kwetu Mwanza, msimu wa harusi nashona mpaka usiku, na mabibi harusi wakija kupima hunieleza mipango ya nyumba mpya. Wengi wanataka uwanja wote uwekwe pevingi na miti ikatwe, eti majani na ndege wanachafua. Mimi nasema mnajikatia starehe yenu wenyewe. Uchafu ule ni wa kufagia dakika tano.

Mtazameni kwera, yule mdogo wa njano mwenye kelele. Dume ndiye anayeshona kiota kwa mdomo: anachana majani nyuzi nyuzi na kuyafunga mafundo. Akimaliza ananing'inia pale akipiga mabawa kumwita jike. Jike anaingia, anakagua, asiporidhika anaondoka. Kiota kikikauka bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa aanze kingine. Sindano hana, cherehani hana! Nanyi mnaoposwa, nyumba hukaguliwa kabla ya kuhamia.

Yupo na chozi, anayeng'aa juani na kunyonya maua. Panda haibiskasi nyekundu karibu na dirisha, atakuja mwenyewe.

Kuwapiga picha hakuhitaji kamera ya gharama wala kutoka nje. Kaa nyuma ya pazia asubuhi, upande ambao jua liko mgongoni kwako, na zima flashi ya simu. Weka beseni la maji kivulini, ubadilishe kila siku mbu wasizaliane.

Lakini msikate matawi yanayoficha kiota ili picha itoke vizuri. Simu ikikiona, mwewe naye anakiona. Katika Sunan Abu Dawud imo habari ya masahaba waliochukua makinda wawili wa ndege wakiwa safarini, Mtume (s.a.w.) aliamuru warudishiwe mama yao. Picha ya mtandaoni haina uzito kuliko amri hiyo.

Mtaniambia ndege wapo Saanane. Ni kweli, kisiwa kile ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na kwa boti ni karibu tu. Ila Saanane utakwenda mara moja kwa mwaka. Uwanja wako upo kila baada ya sala ya alfajiri.

Kwa hiyo kabla fundi wa pevingi hajaja, kaa na mumeo mkubaliane mti mmoja ubaki. Ombi hilo halimgharimu hata shilingi.

Wabillahi tawfiq.