Mlango Umefunguliwa, Nyumba Imebomolewa

Watetezi wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani wana hoja wasiyochoka kuirudia: kwamba tangu mtoano wa kumpata bingwa wa taifa ulipopanuliwa kutoka timu 4 hadi 12, katika msimu wa 2024, vyuo vidogo vimefunguliwa mlango. Naikataa hoja hiyo. Na wanafunzi wangu wanaodhani kwamba haya ni mambo ya michezo tu, nawaomba wavumilie kidogo. Fedha za chuo cha umma ni siasa popote zilipo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika misimu 10 ya mtoano wa timu 4, chuo kimoja tu kutoka nje ya miungano mikubwa kiliingia, nacho ni Cincinnati mwaka 2021. UCF ya Florida haikupoteza mchezo hata mmoja mwaka 2017, ikaachwa nje. Chini ya utaratibu mpya Boise State iliingia mwaka 2024, na msimu uliofuata wakaingia wawili, Tulane na James Madison.

Lakini tazama yaliyowapata hao wawili. Kabla hawajacheza mchezo wao wa kwanza wa mtoano, kocha wa Tulane alikwisha kukubali kazi Florida, na wa James Madison alikwisha kukubali kazi UCLA. Wote wawili wakatolewa katika raundi ya kwanza. Chuo kidogo kikivuna, mavuno hubebwa kabla hayajafika ghalani. Wachezaji nao huondoka, wala siwalaumu: tangu suluhu ya mahakamani ya Juni 2025, vyuo vimeruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mkubwa atazitoa kwenye fedha za televisheni. James Madison, ambako kwa miaka mingi sehemu kubwa ya bajeti ya michezo imetokana na ada za wanafunzi, itazitoa wapi? Kwa mtoto wa mtu ambaye huenda hajawahi kukanyaga uwanjani.

Mapato ya mtoano wenyewe ni kama dola bilioni 1.3 kwa mwaka kuanzia 2026. Miungano miwili tu, Big Ten na SEC, inachukua zaidi ya nusu. Miungano yote midogo kwa pamoja haipati hata sehemu moja ya kumi.

Huo ndio mlango. Sasa tuitazame nyumba. Pac-12, muungano wa vyuo vya pwani ya magharibi wenye mizizi ya tangu 1915, ulianza kubomoka mwaka 2022 pale USC na UCLA zilipotangaza kuhamia Big Ten. Mwaka uliofuata wengine wakakimbilia kwenye fedha, hata Stanford na California, majirani wa bahari ya Pasifiki, wakajiunga na muungano wenye jina la pwani ya Atlantiki. (Walimu wa jiografia watusamehe.) Waliobaki ni wawili: Oregon State ya Corvallis na Washington State ya Pullman. Hawakuachwa kwa kushindwa uwanjani. Kosa lao ni kukaa katika miji midogo, yenye televisheni chache. Navyo ni vyuo vilivyonufaika na sheria ya 1862, iliyotoa ardhi ya umma ili watoto wa wakulima na mafundi wapate elimu ya juu.

Walikwenda mahakamani na kupata udhibiti wa mali ya muungano. Kisha wakafanya nini? Wakaugeukia muungano mdogo wa Mountain West na kuwachukua Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State na Utah State. Aliyeporwa akapora, na Wyoming, Nevada na New Mexico wakaachwa kuokota masalio. Siwatetei, ila nauliza: mfumo huu uliwaachia njia gani nyingine?

Mzizi wa yote ni mwaka 1984, Mahakama ya Juu ilipokivunjia chama cha michezo ya vyuo, NCAA, mamlaka yake juu ya matangazo ya televisheni. Tangu hapo kila mwenye nguvu anauza chake. Ajabu ni kwamba klabu za kulipwa za NFL, mali ya mabilionea, hugawana sawa kwa sawa fedha za televisheni za kitaifa. Green Bay, mji wa watu kama laki moja, hupata fungu lilelile linalopata klabu za New York. Sheria ya 1961 iliziruhusu klabu hizo kuuza haki zao kwa pamoja. Bunge lililowatungia mabilionea sheria hiyo lina uwezo uleule wa kuwatungia Corvallis na Pullman, na wa kwanza kuulizwa ni wabunge wa Oregon na Washington wenyewe.